Nundu ya Kidole Gumba cha Mguu: Ilitoka Wapi, na Umwambie Daktari Nini

Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kuhara. Leo tutaangalia chini, miguuni.

Jumatano moja nyanya mmoja alimleta mjukuu wake kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Alipokuwa akimfungua mtoto leso, macho yangu yalienda kwenye kiatu chake cha kulia. Kilikuwa kiatu cheusi cha kufunika, kimepigwa rangi vizuri, lakini upande wa ndani, karibu na kidole gumba, alikuwa amekata tundu kwa wembe. Katika tundu hilo nundu ya mguu ilikuwa inachungulia nje. Nikamuuliza, "Nyanya, mguu huo umewahi kuuonyesha daktari?" Akacheka. "Sista, nitamwambia nini daktari? Nimwambie kiatu kinanibana?"

Swali lake nililijua, kwa sababu nilikua nikiliona nyumbani. Mama yangu mzazi ana nundu kama hiyo miguu yote miwili. Miaka kadhaa iliyopita alienda hospitalini, akapanga foleni tangu saa moja asubuhi, akaingia kwa daktari saa saba mchana. Alitoka baada ya dakika tatu na karatasi ya tembe za maumivu. Nilimuuliza, "Mama, daktari alisema nini alipouona mguu?" Akanijibu, "Hakuuona. Sikuvua kiatu." Daktari hakumwambia avue, na yeye aliona haya kuvua bila kuambiwa, maana soksi ilikuwa na tundu. Mimi wakati huo tayari nilikuwa na diploma yangu ya uuguzi ukutani. Nilijilaumu kwamba nilimwacha aende peke yake bila kumwandaa.

Kwa hivyo leo nataka nikusimulie historia ya nundu hii na jinsi madaktari walivyoitibu kwa miaka mingi. Nimegundua kwamba mama akishajua jambo hili lilitoka wapi, haoni haya tena kulizungumza, na anajua la kuuliza.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya kitu gani. Madaktari wetu huiita banioni. Ukiona kwenye kadi yako pameandikwa hallux valgus, ni hilo hilo. Ni jina la Kilatini, na maana yake ni kidole gumba kilichopinda kuelekea vidole vingine. Watu wengi hudhani ni nyama au mfupa mpya ulioota. Sivyo. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umeegemea upande wa ndani, kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe kimelala upande wa pili, juu ya wenzake. Pale vinapokutana, kiungo kinatokeza kama kiwiko kilichokunjwa. Kiatu kinakisugua, ngozi inakuwa ngumu, panavimba, panakuwa pekundu. Kumbuka picha hiyo ya kiwiko, kwa maana madaktari wenyewe walichukua muda mrefu kuielewa.

Sasa twende mbali kidogo, hadi mji wa Cambridge huko Uingereza. Mwaka 2021 wataalamu wa chuo kikuu cha mji huo walichapisha utafiti juu ya mifupa ya watu 177 waliozikwa hapo zamani za kale, kati ya karne ya 11 na ya 15. Mfupa hausemi uongo, mama. Nundu ya mguu huacha alama ambayo hata baada ya miaka 600 mtaalamu anaiona. Walipohesabu, waliona kwamba watu waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13 walikuwa na alama hiyo kwa asilimia 6 tu. Waliozikwa katika karne ya 14 na ya 15 ilikuwa asilimia 27. Kitu gani kiliingia hapo katikati?

Ni mtindo wa viatu. Katika karne ya 14 watu wa Ulaya walianza kuvaa viatu vyenye ncha ndefu mbele, vyembamba kama mdomo wa korongo. Kadiri ncha ilivyokuwa ndefu ndivyo mtu alivyoonekana tajiri. Na usidhani ni wanawake waliokuwa wakijitesa kwa urembo, hapana. Wanaume ndio waliokuwa mbele katika mtindo huu. Jambo lilizidi hadi mwaka 1463, wakati wa Mfalme Edward wa Nne, ikapitishwa sheria kwamba mtu asiye na cheo cha lodi asivae kiatu chenye ncha iliyozidi inchi 2. Hebu fikiri, serikali nzima inakaa kupima ncha za viatu!

Lililonishangaza zaidi ni tofauti kati ya makaburi. Katika makaburi ya kijijini, nje ya mji, waliokuwa na nundu walikuwa asilimia 3. Katika makaburi ya kanisa la mtaani, walikozikwa watu wa kawaida wenye kazi za mikono, asilimia 10. Lakini katika nyumba ya watawa, walikozikwa watawa pamoja na matajiri waliolipia kaburi zuri, ilikuwa asilimia 43. Watawa hao walitakiwa kuvaa kwa kiasi, lakini mifupa yao inaonyesha kwamba viatu vya mtindo viliwafikia pia.

Tena kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo kila anayemtunza mzee anapaswa kulishika. Wale waliokuwa na nundu, hasa waliokufa wakiwa wamezeeka, mifupa yao ilionyesha zaidi alama za kuvunjika kwa sababu ya kuanguka. Kidole gumba ndicho kinachotusukuma mbele na kutushikilia tusiyumbe. Kikilala upande, mwendo unaharibika. Kwa hivyo nyanya akikwambia siku hizi anajikwaa ovyo, usiseme ni uzee tu. Mwangalie miguu.

Baada ya mtindo wa ncha ndefu kupita, shida haikuisha. Kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya walishona viatu vilivyonyooka, visivyo na kulia wala kushoto. Kiatu kimoja kiliweza kuvaliwa mguu wowote. Mwaka 1781 daktari mmoja Mholanzi, Petrus Camper, aliandika kitabu kizima juu ya umbo bora la kiatu. Wengine walishangaa kwa nini mtu msomi kama yeye anapoteza wino kwa mambo ya fundi viatu. Mwaka 1858, huko Zürich, Uswisi, mwalimu wa maumbile ya mwili aliyeitwa Hermann von Meyer aliandika tena juu ya jambo hilo. Alisema hivi: ukichora mstari kutoka katikati ya kisigino kupita katikati ya kidole gumba, katika mguu mzima mstari huo unanyooka. Kiatu kinachouvunja mstari huo kinaupinda mguu.

Jambo hili unaweza kulijaribu leo jioni bila kulipa hata shilingi. Mwombe mtoto kalamu na karatasi kubwa, hata ile ya kalenda ya mwaka jana. Simama wima juu ya karatasi, uzito wote miguuni, mtoto achore kuzunguka mguu wako. Kisha weka kiatu chako cha kanisani au cha kazini juu ya mchoro huo. Ukiona mchoro unatokeza nje ya kiatu kila upande, basi umejua mguu wako unakaaje humo ndani. Fanya hivyo pia na kiatu cha shule cha mtoto wako. Tunawanunulia watoto viatu vikubwa ili "avikulie", halafu tunasahau kuangalia hadi vimekuwa vidogo, na mtoto hasemi kwa sababu anajua pesa hakuna. Bonyeza kwa kidole mbele ya kiatu kila mwanzo wa muhula. Ukigusa kidole chake papo hapo, kiatu kimekwisha muda.

Hapa kwetu Afrika historia ilienda njia nyingine, na sehemu moja ya historia hiyo inauma. Mwaka 1904 kulikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Watu kutoka Ufilipino na Afrika ya Kati walipelekwa huko wakawekwa kwenye maonyesho ili wazungu wawatazame, kama vile sisi tunavyoenda kutazama ng'ombe kwenye shoo ya kilimo. Mmoja wao alikuwa Ota Benga, kijana wa Kongo. Daktari mmoja wa mji huo, Phil Hoffmann, alitumia nafasi hiyo kuchunguza jozi 186 za miguu ya watu wasiovaa viatu, na mwaka 1905 akachapisha aliyoyaona. Vidole vyao vilikuwa vimenyooka na kutawanyika kama vya mtoto mchanga, na zile kasoro alizozoea kuona kwa wavaa viatu hazikuwapo. Siwezi kusifu jinsi watu hao walivyopelekwa kule. Lakini ukweli uliopatikana miguuni mwao ni wao, na unatufaa sisi.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1958, madaktari wawili wa Hong Kong walilinganisha watu wa mji mmoja. Kundi moja lilikuwa la watu 118 waliovaa viatu. Kundi la pili lilikuwa la watu 107 waliotembea bila viatu, watu wa mashua walioishi majini. Kwa wavaa viatu, asilimia 33 walikuwa na kidole kilichopinda. Kwa wasiovaa viatu, asilimia 1.9.

Hapo najua kuna mtu anasema, basi tutupe viatu. La hasha! Bila viatu kuna minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya mguu, kuna funza, kuna misumari, kuna pepopunda. Mguu unataka kiatu, lakini kiatu chenye nafasi. Akala za kutengenezwa na matairi, zile tunazozicheka, hazimbani mtu vidole. Malapa nayo hayabani, ingawa kwa mzee ni rahisi kuyakanyaga akaanguka.

Tena tazama vizuri ile asilimia 1.9. Ni ndogo, lakini si sifuri. Maana yake wako watu ambao hawakuvaa kiatu maisha yao yote na bado kidole kilipinda. Jambo hili hutembea ndani ya familia. Mguu mpana au kiungo kilicholegea mtu hurithi kwa mama au baba, halafu kiatu chembamba kinaharakisha. Ugonjwa wa baridi yabisi pia unaweza kuleta. Na wenye nundu ni wengi: mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakaona ni karibu asilimia 23 ya watu wa miaka 18 hadi 65, na zaidi ya asilimia 35 kwa waliopita miaka 65. Wanawake ni zaidi ya wanaume. Kwa hivyo mama asikubali kuambiwa "ulijitakia na michuchumio yako". Mama yangu michuchumio aliivaa siku ya harusi yake pekee. Nyanya yangu, mama yake, alikuwa na mguu ule ule. Nami nikivua soksi jioni naanza kuuona kwangu, mguu wa kushoto.

Sasa tuje kwa matibabu. Zamani, kabla ya dawa ya usingizi, hakuna aliyetaka kupasuliwa mguu kwa ajili ya nundu. Watu walilainisha ngozi, walifunga vitambaa, walitoboa viatu kama nyanya wetu. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Marekani mwaka 1846, na mwaka 1867 Joseph Lister wa Uingereza akaeleza jinsi ya kuzuia vidonda vya upasuaji visioze. Miaka michache tu baada ya hapo, daktari Mjerumani Carl Hueter alilipa tatizo hili jina lake la Kilatini na mwaka 1871 akaeleza upasuaji wake. Yeye alikata na kuondoa kichwa cha ule mfupa mrefu. Kisha picha ya eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, daktari aliweza kuona mifupa imeegemeaje kabla ya kushika kisu. Mwaka 1904 William Keller, daktari wa jeshi la Marekani, alikata upande mwingine, yaani mwanzo wa mfupa wa kidole chenyewe. Maumivu yalipungua kwa wengi, lakini kidole kilibaki kifupi na kilicholegea, hakina nguvu ya kusukuma. Kwa mzee anayetembea kidogo hilo halikuwa baya sana. Kwa mama anayepanda mlima na mzigo mgongoni lilikuwa jambo jingine.

Mwaka 1923 David Silver alieleza njia ya kuchonga nundu peke yake na kukaza kiungo. Unakumbuka ile picha ya kiwiko? Ukichonga ncha ya kiwiko, mkono bado umekunjwa. Ndivyo ilivyokuwa. Wagonjwa wengi walifurahi mwanzoni, kisha nundu ikarudi, maana mfupa ulikuwa bado umeegemea. Wengine wakaona dawa ni kuunyoosha mfupa wenyewe. Paul Lapidus wa New York, mwaka 1934, alieleza jinsi ya kuunganisha kiungo kilicho nyuma kabisa ili mfupa usiyumbe. Mwaka 1962 Dale Austin alianza kukata kichwa cha mfupa kwa umbo la V na kukisogeza mahali pake. Leo aina za upasuaji zilizoandikwa juu ya nundu hii zinapita 100. Mimi nilipolisoma hilo nilijiuliza, kwa nini zote hizo? Ni kwa sababu miguu haifanani. Nundu ndogo ina upasuaji wake, kubwa ina wake, na kiungo kilichokwisha kulika kina wake.

Hilo linakupa swali la kwanza la kumuuliza daktari akikwambia utapasuliwa: "Daktari, kwangu mimi utafanya ipi, na kwa nini hiyo?" Si swali la dharau. Daktari mzuri atachukua picha yako ya eksirei na kukuonyesha.

Swali la pili ni la baadaye. Mfupa uliokatwa huchukua karibu wiki 6 kushikana. Siku hizo utavaa kiatu maalum au plasta, na uvimbe unaweza kukaa miezi kadhaa. Nani atachota maji? Nani atambeba mtoto? Kama kazi yako ni kusimama sokoni, utakula nini wiki hizo sita? Wanaume wakiulizwa huwa wanasema "tutaona". Usikubali "tutaona". Mpange kabla. Uliza pia gharama yote kwa jumla, pamoja na picha na skrubu, na ni kiasi gani bima yako ya SHA italipa katika hospitali hiyo. Na uliza yanayoweza kwenda mrama: kidonda kuingia vijidudu, kidole kufa ganzi au kukakamaa, nundu kurudi. Kila upasuaji una hatari zake, na ni haki yako kuzisikia kabla ya kutia sahihi.

Swali la tatu: "Nisipopasuliwa itakuwaje?" Huko Finland watafiti waliwagawa wagonjwa 209 makundi matatu, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Kundi moja lilipasuliwa, la pili likapewa soli maalum za kuweka ndani ya viatu, la tatu likaambiwa lisubiri. Baada ya miezi 6 waliopewa soli walikuwa wamepata nafuu. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa ndio waliokuwa na maumivu madogo zaidi, na waliovaa soli walikuwa karibu sawa na waliosubiri. Kwa hivyo upasuaji husaidia anayeumia kweli. Lakini kama nundu haiumi, hakuna sababu ya kukatwa ili mguu upendeze. Na wale wanaouza vifaa vya kunyoosha kidole usiku, wanaosema baada ya mwezi kitanyooka chenyewe, wanakula pesa yako. Kifaa cha kutenganisha vidole kinaweza kupunguza msuguano, basi. Mfupa wa mtu mzima hakiunyooshi.

Nirudi kwa mama yangu. Safari ya pili tulienda pamoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia asiseme "mguu unauma", kwa sababu kila anayeingia pale anasema mguu unauma. Aseme ni wapi hasa, tangu lini, saa ngapi unazidi, na unamzuia kufanya nini. Tulibeba viatu vyake vitatu kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na dawa zote anazotumia.

Alipoingia alisema, "Daktari, shikamoo, naomba nivue viatu kwanza." Daktari alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, akaona haya ya kuamkiwa na mama mzee. Akasema, "Vua tu, mama." Mama akamwambia mguu wa kulia unamchoma chini ya kidole cha pili, ukizidi jioni, na kwamba tangu Krismasi hawezi kusimama misa nzima wala kutembea hadi soko la Jumamosi. Daktari aliushika mguu, akakizungusha kidole, akabonyeza kidole cha pili. Akamgusa nyayo kwa kitu chembamba kuona kama anahisi, akauliza juu ya sukari na jongo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, ukipona ungetaka kufanya nini?"

"Kwenda soko Jumamosi," mama akasema.

"Si kuvaa kiatu hiki chekundu?"

"Hicho ni cha binti yangu, alinilazimisha."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ilionekana kwamba maumivu makubwa hayakuwa ya nundu yenyewe, yalikuwa ya kidole cha pili kilichobeba uzito usio wake. Daktari hakumpeleka kupasuliwa. Alisema tupate kiatu kipana mbele, chenye soli nene na kisigino kifupi, tuweke pedi chini ya kidole cha pili, na tuonane naye baada ya miezi mitatu. Ikishindikana atatuandikia barua kwa daktari wa upasuaji wa mifupa. Fundi wa viatu sokoni alifanya kazi hiyo kwa kuufuata mchoro wa mguu kwenye karatasi ya kalenda. Nundu bado iko. Mama anaenda soko.

Lakini kuna miguu isiyosubiri miezi mitatu. Kama una kisukari, na ngozi juu ya nundu imechubuka au imebadilika rangi, nenda siku hiyo hiyo. Kama kiungo kimevimba ghafla usiku, chekundu, cha moto, hata shuka likigusa unalia, hiyo yaweza kuwa jongo au vijidudu ndani ya kiungo, hasa ukiwa na homa. Mtoto ambaye kidole chake kinapinda naye apelekwe, hata kama haumii. Wala usiruhusu mtu yeyote aichanje nundu kwa wembe akidai anatoa maji mabaya.

Na yule nyanya wa kiatu chenye tundu? Tulipomaliza chanjo ya mtoto nilimwomba avue. Alisitasita, akasema miguu ina vumbi. Nikamwambia mimi pia nimetembea. Chini ya lile tundu, mahali vumbi lilipokuwa likiingia, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Hakukihisi. Aliponiambia "hakiumi" ndipo nilipoogopa, kwa sababu kidonda kama kile lazima kiume. Nikamtoboa kidole cha mkono tupime sukari. Ilikuwa 17, na hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Tulimwosha kidonda, tukakifunika, na siku hiyo hiyo akaenda hospitali ya kaunti na barua mkononi, mjukuu akibaki kwa jirani. Kidonda kilichukua wiki 9 kufunga. Ameniruhusu niyasimulie haya hewani, mradi nisitaje jina lake. Juzi alimleta mjukuu kwa chanjo ya miezi kumi na minane, akaketi kwenye benchi, na kabla sijamuuliza hali alikuwa ameshavua viatu vyote viwili na kuviweka chini ya benchi.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kucha zinazoota kuingia ndani ya nyama.